Kwa nini Papa Huwashambulia Wapanda Mawimbi?

Sisi tukaao mbali na bahari twamjua mamba. Habari za papa twazisikia tu. Lakini katika kisiwa cha Réunion, nchi ya Ufaransa iliyo mashariki ya Madagaska, papa ameliza nyumba nyingi. Toka mwaka 2011 hata 2019 watu 11 waliuawa naye huko. Wengi wao walikuwa wakicheza juu ya mawimbi, ama wakisimama juu ya ubao mrefu, ama wakilala kifudifudi juu ya ubao mfupi. Mwaka 2013 serikali ilikataza mchezo huo karibu pwani yote.

Je, papa amtafuta mtu ili amle? Sivyo. Kama ndivyo, wangekufa maelfu kila mwaka, maana waogao baharini hawana hesabu. Mwaka 2023, duniani pote, walioumwa pasipo kumchokoza papa walikuwa 69, na katika hao walikufa 10.

Basi, kwa nini hasa wapanda mawimbi? Kwanza, ni kwa sababu ya mahali. Wao hukaa saa nyingi pale mawimbi yanapovunjika, na papa hupita papo hapo akifuata samaki.

Pili, ni kwa sababu ya umbo. Papa mweupe huwinda sili, mnyama wa bahari mwenye manyoya, akimvizia kutoka chini. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Australia, walipiga picha toka chini ya maji, za sili na za watu waliolala juu ya mbao wakipiga maji kwa mikono. Mwaka 2021 walieleza kwamba kwa macho ya papa mweupe aliye kijana, vivuli hivyo havina tofauti.

Tatu, ni kwa sababu ya maji machafu. Mashambulio mengi ya Réunion yalifanywa na papa wa Zambezi, aitwaye hivyo kwa kuwa hupanda hata ndani ya mto ule. Huyu huzoea maji ya tope, hasa mito inapofurika baada ya mvua. Macho yake hayamfai sana humo. Ubavuni mwake mna mishipa inayotambua mtikisiko wa maji. Naye hana mkono wa kupapasia: kitu asichokijua hukipima kwa meno. Mara nyingi papa huuma mara moja, kisha huenda zake. Lakini jeraha hilo moja laweza kumwaga damu hata mtu akafa.

Kwa hiyo mwenye busara haingii baharini peke yake, wala alfajiri, wala jioni, wala maji yakiwa ya tope. Na mwenzake akiumwa, asipoteze wakati kwa kulia. Achukue kamba ifungayo ubao mguuni, aikaze kwa nguvu juu ya jeraha la mguu au la mkono, damu ikome. Kamba hiyo imekwisha kuokoa maisha ya watu.