Tai wa Kasenyi na planeri ya banafunzi

Wengi wetu tukishuka kutoka Bunia kwenda Kasenyi tunaangalia barabara tu, juu ya zile kona. Siku ingine inua macho, utazame tai. Anazunguka polepole pale hewa ya joto inapanda, mabawa yamefunguka yote. Akishafika juu, anayakunja kidogo na kukimbia mbali. Hapigi bawa hata mara moja.

Planeri, ni kusema ndege bila moteri, inaishi vile vile. Ile ya mashindano inaenda mbele zaidi ya metre 40 kwa kila metre 1 inayoshuka. Tupige hesabu: Bunia iko karibu metre 1250 juu ya bahari, Ziwa Albert karibu 620. Tofauti ni 630. Zidisha kwa 40: kilometre 25 hivi. Zote bila tone la esanse!

Shida njo hii: bawa ndefu linasaidia kupanda, lakini ukitaka mbio linakurudisha nyuma. Mwaka 1975 banafunzi wa kundi la Akaflieg Stuttgart, Ujerumani, balirusha fs-29, planeri ya mutu mumoja. Kwa kupanda, upana wa mabawa ni metre 19. Kwa mbio unafupishwa mupaka 13,3. Sehemu ya inje inateleza juu ya ile ya ndani, sawa ala juu ya kisu.

Kitu chembamba hivyo kinaomba nguvu. Njo maana balitumia nyuzi za kaboni na rezini. Nyuzi peke yake zinapinda sawa nyavu. Rezini ikikauka inazishika. Nyuzi zinabeba muzigo, rezini inalinda umbo.

Ilitengenezwa moja tu, juu mitambo yake ilikuwa mizito na ya kuchanganya. Je, ilikuwa kazi bure? Hapana. Bale banafunzi balitoka na ujuzi katika vidole.

Na sisi? TFC ngapi zinalala katika biblioteki, bila kitu kimoja kilichoshikwa na mukono? Pale Kasenyi, mbao za pirogi zinakunywa maji na kuoza. Nyuzi za kioo na rezini zinajenga mitumbwi fasi mingi ya dunia. Nani kati yetu atapeleka TFC yake kwa bavuvi?