Mtoto Akirudi Kasenga na Ubatizo wa Pili

Kasenga, ukingoni mwa Luapula, ni mji wa samaki na wa misa. Tangu enzi za wafanyabiashara Wagiriki samaki wake wamelisha Lubumbashi, na jina lake limo katika jimbo Katoliki la Kilwa-Kasenga. Samaki wanakwenda mjini, na watoto nao wanakwenda, kusoma na kutafuta kazi. Mtoto akirudi likizo amebatizwa upya, hagusi bia ya Simba wala chai, rozari ameiweka kando, wazazi wanabaki na swali moja: hawa Wamormoni ni Wakristo kama sisi?

Swali hilo linastahili jibu la kweli. Wapo wanaowaweka Wamormoni fungu moja na wachawi kwa sababu tu hekalu lao haliingiwi na kila mtu. Wapo pia wanaosema, kwa kutaka amani, kwamba makanisa yote ni yale yale. Wote wawili wanamkosea yule kijana, kwa kuwa hakuna aliyemsikiliza anaamini nini.

Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ndilo la Wamormoni, lilitambuliwa na serikali ya Zaire mwezi Februari 1986. Halikuwa jambo dogo, maana mwishoni mwa mwaka 1971 sheria ya Mobutu ilikuwa imebakiza makanisa matatu tu: Katoliki, Kimbangu na muungano wa Waprotestanti. Leo Lubumbashi ina misheni yake, na mwezi Agosti 2022 ilianza kazi ya kujenga hekalu, la pili kutangazwa nchini baada ya lile la Kinshasa lililowekwa wakfu Aprili 2019.

Ukiingia katika ibada yao ya Jumapili hutaona msalaba ukutani. Vijana wa kiume wenye mashati meupe hupitisha sinia mbili, moja ina vipande vya mkate, nyingine vikombe vidogo vya maji. Ni maji, si divai. Askofu wa kata ni mtu mwenye kazi yake ya wiki nzima, mwalimu au fundi, na kanisa halimlipi mshahara. Katika nchi ambapo mapasta wengi wanaishi kwa sadaka, na baadhi yao wanaishi vizuri kuliko waumini wao, jambo hilo linawavuta watu, na ni haki liwavute.

Lakini mwenendo mwema haujibu swali la wazazi. Tofauti kubwa ni juu ya Mungu mwenyewe. Mkatoliki wa Kasenga, Mmetodisti aliyerithi kazi ya mmisionari John Springer na Mpentekoste wa misheni ya William Burton wanagombana kuhusu Papa, sanamu na ubatizo wa watoto. Juu ya Mungu hawagombani. Ni mmoja, ni Roho, hana mwanzo, aliumba vyote pasipokuwa na kitu, na Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni Mungu huyo mmoja. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulikiri kwamba Mwana ana umungu ule ule wa Baba.

Joseph Smith, aliyeanzisha kanisa la Wamormoni jimboni New York tarehe 6 Aprili 1830, alifundisha vingine. Kwake Baba ana mwili wa nyama na mifupa. Baba, Mwana na Roho ni watatu walio mbalimbali, umoja wao ni wa nia na kazi. Mata ya ulimwengu ni ya milele, Mungu aliipanga. Sisi sote tuliishi kama roho, watoto wa Baba, kabla ya kuzaliwa, na waaminifu wanaweza kufikia kufanana naye. Mwezi Aprili 1844, chini ya miezi mitatu kabla ya kuuawa, alihubiri kwamba Mungu naye aliwahi kuwa kama mwanadamu. Hotuba hiyo haimo katika maandiko yao matakatifu, ila inaonyesha fikra zake zilikofika. Mtu aliyelelewa na Isaya, anayekana kwamba palikuwa na mungu mwingine kabla au baada ya Bwana, hawezi kulipita jambo hili kimya.

Wahubiri wetu hupenda kuwapinga kwa aya iliyo karibu na mwisho wa Ufunuo, ile inayokataza kuongeza neno, kwa kuwa Wamormoni wana Kitabu cha Mormoni, Mafundisho na Maagano, na Lulu ya Thamani Kuu. Hoja hiyo ni dhaifu. Kumbukumbu la Torati lina katazo kama hilo, na baada yake vilikuja vitabu vingi tunavyovisoma. Hoja yenye uzito ni ya Paulo kwa Wagalatia: ujumbe mpya, hata ukiletwa na malaika, upimwe kwa Injili iliyokwisha kupokelewa. Na Smith alisema ni malaika, Moroni, aliyemwonyesha mabamba ya dhahabu.

Kwa hiyo ubatizo hautambuliwi upande wowote. Wamormoni humbatiza upya kila anayejiunga. Wametodisti, katika mkutano mkuu wao wa mwaka 2000, waliamua kwamba Mmormoni anayekuja kwao abatizwe, na Roma ikatamka hivyo hivyo mwaka 2001. Roma hiyo hiyo inapokea ubatizo wa Mmetodisti. Maneno ya kubatizia kwa Wamormoni yanamtaja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu; imani iliyo nyuma ya majina hayo ndiyo iliyokataliwa.

Kinachogusa moyo wa Katanga zaidi, naona, ni wafu. Wamormoni hubatizwa hekaluni kwa niaba ya marehemu wao, wakitegemea mstari mmoja wa Paulo katika 1 Wakorintho 15:29, na huunganisha mume, mke na watoto kwa milele. Kabla ya hekalu la Kinshasa, Wakongomani walisafiri hadi Johannesburg kwa ajili hiyo. Kwa mtu aliyemzika babu asiyejua kanisa, ahadi hiyo ni nzito. Wakristo wengine hujibu kwamba Paulo alitaja desturi ile bila kuiamuru, na kwamba marehemu yuko mikononi mwa Mungu. Jibu ni sahihi, lakini likitolewa kwa ukali penye matanga halimfariji mtu.

Kijana ajue na historia. Hadi Juni 1978 kanisa hilo liliwanyima wanaume wenye asili ya Afrika ukuhani, na Weusi wote ibada kuu za hekalu. Baadaye lenyewe lilizikana nadharia zilizotumika kuhalalisha hilo. Nasi tusisahau kwamba misheni zetu zilikua katika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, iliyotenga mtaa wa Mzungu na mtaa wa Mwafrika.

Humo humo Élisabethville alifia Simon Kimbangu, tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka thelathini gerezani kwa sababu ya mahubiri. Waumini wa dini ya Kitawala nao waliwindwa na Wabelgiji. Katanga imeshaona dola na makanisa yaliyozoea kushirikiana nayo yakiamua kwa nguvu nani anaabudu sawasawa.

Hukumu yangu basi, isiyohitaji nguvu za dola, ni hii: Wamormoni wanampenda Yesu na wanamtaja kwa dhati, lakini imani yao juu ya Mungu si ile ya Biblia kama makanisa ya kale na ya sasa yanavyoisoma. Ni dini nyingine iliyochipuka katika shina la Ukristo. Kijana anayefikiria kubatizwa na awaulize wamisionari waziwazi: je, Baba ana mwili? Aliumba kutoka nini? Nitakuwa nani baada ya kufa? Awaulize kabla ya kuingia majini, asisubiri baadaye. Na wewe mzazi, akirudi ameshaamua, mfungulie mlango, kula naye, kisha fungueni Biblia pamoja.