Mjane, Shemeji na Shamba

Katika karne ya 10, ukoo wa wafalme wa Chola kusini mwa India ulikuwa na wajane wawili ambao historia haijawasahau. Vanavan Mahadevi, mama yake mfalme Rajaraja, alikufa katika moto uliochoma maiti ya mumewe, Sundara Chola. Sembiyan Mahadevi, mjane wa baba mkubwa wa Sundara huyo, aliishi miongo mingi baada ya mumewe kufariki, akijenga upya kwa mawe mahekalu yaliyokuwa ya matofali na kuyatolea wakfu. Dini moja, nyumba moja. Basi anayetaka kujua hadhi ya mwanamke wa Kihindu wa enzi zile asiishie kwenye moto. Aulize pia mali ilikuwa mkononi mwa nani.

Wanasheria walilibishania sana suala hilo. Mwanamke alikuwa na mali yake mwenyewe, stridhana, hasa vito na zawadi alizopewa na wazazi na kaka zake alipoolewa. Ugomvi ulikuwa juu ya mali ya mume aliyekufa bila mtoto wa kiume. Mitakshara, kitabu alichoandika Vijnaneshvara mnamo 1100, kilimpa mjane urithi iwapo tu marehemu alikuwa amekwisha kugawana mali na ndugu zake. Kama hawakugawana, mashemeji walichukua, naye akabaki wa kulishwa na kuvishwa.

Kule Bengal, mwanasheria Jimutavahana alikwenda mbali zaidi: mjane arithi hata kama mali haijagawanywa, ila aitumie maisha yake yote bila kuiuza apendavyo. Ni ukarimu, lakini wenye hatari ndani yake, kwani shemeji hapati kitu mjane akiwa hai. Baadhi ya wanahistoria wanaona hapo sababu mojawapo ya sati, yaani mjane kuchomwa pamoja na maiti ya mumewe, kuwa nyingi Bengal kabla Waingereza hawajaipiga marufuku mwaka 1829. Hoja hiyo ina nguvu, ingawa haitoshi: Warajput wa kaskazini-magharibi mwa India hawakuifuata sheria ya Jimutavahana, na wajane wao walichomwa vilevile.

Nje ya ndoa mambo yalikuwa mengine. Ukuta wa hekalu kuu la Thanjavur umechongwa amri ya Rajaraja, mwana wa yule aliyekufa motoni, kuhusu wanawake 400 hivi aliowaleta kulitumikia hekalu. Kila mmoja alipewa nyumba na fungu la mpunga kila mwaka. Akifa au akihama, fungu lichukuliwe na jamaa yake wa karibu, mradi aiweze kazi.