Je, Uzee Ndio Uletao Shinikizo la Damu?

Husemwa mara nyingi ya kuwa mzee akishikwa na presha si ajabu, kwa kuwa uzee hauji peke yake. Maneno hayo yamewapotosha wengi, maana auonaye ugonjwa kuwa ni sehemu ya umri hatafuti kinga yake wala dawa yake. Uchunguzi wa miaka mingi, ambao baadhi yake ulifanywa katika nchi ya Kenya, umeonyesha ya kuwa shinikizo la damu halilazimiki kupanda kwa sababu tu miaka imeongezeka. Sababu iliyo kubwa ni namna watu walavyo na waishivyo, na sababu ya namna hiyo yaweza kupunguzwa.

MAANA YAKE

Moyo husukuma damu katika mishipa kama pampu isukumavyo maji katika mabomba. Nguvu ambayo damu hukandamiza nayo kuta za mishipa ndiyo iitwayo shinikizo la damu. Hupimwa kwa mfuko wa kitambaa ufungwao mkononi na kujazwa hewa, nayo huandikwa kwa hesabu mbili: ya juu ni wakati moyo ujikazapo, na ya chini ni wakati upumzikapo kati ya pigo na pigo. Mtu mzima mwenye 120 kwa 80 yu katika hali njema. Lakini hesabu ya juu ikifika 140 au zaidi, ama ya chini ikifika 90 au zaidi, katika siku mbili mbalimbali, mtu huyo huhesabiwa kuwa mgonjwa.

Ubaya wa ugonjwa huu ni ya kuwa mara nyingi hauumi. Mtu aweza kulima, kupanda baiskeli na kucheka na wenzake, huku mishipa yake ikiharibika. Miaka ikipita hivyo, kuta za mishipa hukakamaa, moyo huchoka, na mafigo hudhoofika. Kisha huenda siku moja mshipa wa ubongo ukaziba au ukapasuka, mtu akaanguka na kupooza upande mmoja. Huo ndio ugonjwa wa kiharusi, ambao wengine hata leo hudhani kuwa ni kazi ya adui au ya pepo, hali shina lake lilikuwa mwilini kwa miaka mingi.

JAMBO LA AJABU HUKO NYANZA

Katika mwaka wa 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi katika sehemu za Kisii na Nyanza ya Kusini, alitangaza katika jarida la madaktari liitwalo Lancet matokeo ya kuwapima Waafrika wapatao 1,000. Vijana walikuwa na shinikizo lililo karibu sawa na la vijana wa Ulaya. Lakini baada ya umri wa miaka 40, ambapo shinikizo la watu wa Ulaya lilizidi kupanda, la watu hawa halikupanda, lilielekea kushuka.

Mwaka wa 1988 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa zaidi, ulioitwa INTERSALT. Watu zaidi ya 10,000 katika nchi 32 walipimwa shinikizo la damu, na mkojo wao wa saa 24 ukakusanywa ili kujua kiasi cha chumvi walichokula. Katika sehemu 52 zilizochunguzwa, nne zilikuwa na watu walao chumvi kidogo sana: jamii mbili za wenyeji wa Brazil, watu wa Papua New Guinea, na wanakijiji wa Kenya. Katika sehemu hizo nne shinikizo lilikuwa chini, nalo lilipanda kidogo tu kwa umri, au halikupanda kabisa.

WALIOHAMIA MJINI

Huenda msomaji akauliza: je, haiwezekani ya kuwa watu hao walizaliwa na damu iliyo tofauti na ya wengine? Swali hilo ni la haki, nalo lilijibiwa kwa kuwafuata watu wa jamii moja walipohama makwao.

Madaktari wa Kenya na wa Uingereza waliwachukua vijana wa Kijaluo kutoka vijiji vilivyo kaskazini ya Ziwa Victoria. Zaidi ya 300 walikuwa wamehamia Nairobi, na zaidi ya 200, wenye umri kama wao na waliotoka sehemu zile zile, walibaki nyumbani. Makundi yote mawili yalipimwa mara kadhaa kwa muda wa miaka miwili, na matokeo yakatangazwa mwaka wa 1990. Ilionekana ya kuwa shinikizo la wale waliohamia Nairobi lilizidi la wale waliobaki, na tofauti hiyo ilianza kuonekana katika miezi ya mwanzo. Watu walikuwa wa kabila moja, na bado vijana. Kilichobadilika ni maisha yao. Mkojo wao ulionyesha ya kuwa chumvi ilikuwa imezidi ukilinganisha na madini yaitwayo potasiamu. Mapigo ya moyo pia yalikuwa ya haraka zaidi, na huenda hiyo ilikuwa dalili ya mashaka ya maisha mageni.

CHUMVI NA MBOGA

Mwili wahitaji chumvi, lakini kidogo. Ikizidi, huyashika maji mwilini, damu ikaongezeka wingi, na moyo ukalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Potasiamu hufanya kazi ya kinyume: husaidia mafigo kuitoa chumvi, na hulegeza mishipa. Hupatikana kwa wingi katika maharagwe, kunde, mboga za majani, viazi vitamu na ndizi. Basi kijana aachaye vyakula hivyo vya kwao, akaishi kwa mkate, chipsi na soseji, hupata hasara mara mbili: aongeza chumvi na kupunguza potasiamu.

Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa katika vyakula vya dukani na viungo vya mchuzi vya paketi. Hata magadi, ambayo wengi hutia katika mboga au mahindi ili yalainike upesi, yana sodiamu, ambayo ndiyo sehemu ya chumvi ipandishayo shinikizo.

Faida ya kubadili imekwisha kuthibitishwa. Katika vijiji 600 vya China watu karibu 21,000 walishiriki katika jaribio lililotangazwa mwaka wa 2021. Wengi wao walikuwa wamekwisha kupata kiharusi, na wengine walikuwa wazee wenye shinikizo kubwa. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa ya potasiamu. Vingine viliendelea na chumvi ya kawaida. Baada ya miaka karibu mitano, kiharusi kilipungua kwa asilimia 14 katika vijiji vilivyobadili. Lakini mwenye ugonjwa wa mafigo asitumie chumvi ya namna hiyo bila kumwuliza daktari.

MASHAKA YA MOYO

Mtu akiogopa au akikasirika, moyo hupiga mbio na shinikizo hupanda, kisha hushuka jambo lipitapo. Mashaka ya mjini mara nyingi hayapiti: kodi ya nyumba, kazi isiyo na hakika, usingizi mchache. Tena humvuta mtu kwenye pombe, ambayo nayo hupandisha shinikizo, na kwenye tumbaku, ambayo huharibu mishipa. Dawa yake ni kulala vya kutosha, kutembea kwa miguu, na kutokaa peke yake na taabu zake bila kumweleza ndugu au rafiki.

YAPASAYO KUFANYWA

Uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha ya kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo lililozidi, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja. Kupima ni kazi ya dakika chache, wala hakuna sindano. Kila mtu mzima yampasa kupimwa, asingoje kuumwa na kichwa.

Aliyepewa dawa asiiache kwa sababu ajiona mzima. Dawa hizo hulizuia shinikizo zinapotumiwa. Zikiachwa, hupanda tena, na wengi wameanguka kwa njia hiyo. Ni kweli ya kuwa mishipa hukakamaa kidogo kwa umri, na wengine hurithi udhaifu kwa wazazi. Lakini sehemu kubwa ya mzigo huu huongezwa jikoni, kijiko kwa kijiko, tangu ujana, na huko huko jikoni ndiko waweza kuanza kupunguzwa.