Treni Ilihepa Masaku, Lakini Unaweza Kuiweka Kwa Meza Yako: Form ya Kukusanya Modeli na Midoli

Ambia wasee wa Masaku unakusanya midoli na bado unalipa rent, uone vile utachekwa. "Si hiyo ni ya watoi?" Wacha wacheke. Huko Uingereza na Ujerumani kuna wazee wa pensheni wanajenga stesheni nzima kwa meza, na hakuna anayewaita watoto. Hii hobi iko na hesabu na historia yake. Wacha nikupange.

Jina lilitoka wapi?

Mwaka wa 1964, kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitoa G.I. Joe, mwanajeshi wa kama sentimita 30 mwenye viungo vya kukunjika. Kulikuwa na shida moja: boy gani angekubali kununuliwa mdoli? Wakaunda jina jipya, "action figure", na biashara ikasonga. 1978, Kenner wakatoa wale wa Star Wars, wengi chini ya sentimita 10. Kwa sababu ni wadogo, wangeweza kukuuzia pia ndege ya kuwabeba. Unanunua shujaa, kisha ndege yake, kisha adui yake, kisha doo imeisha.

Skeli ndio mpango mzima

Skeli ni kipimo cha kupunguza. Modeli ya HO ni 1:87, yaani kitu halisi kimegawanywa mara 87. Ile ya N ni 1:160, poa kwa msee wa bedsitter. Chagua moja ushikilie, ama utakuwa na dereva mrefu kuliko treni yake.

Hapa ndio Mkenya hunaswa. Seti nyingi za HO hutumia reli ya upana wa milimita 16.5. Hiyo ni mita 1.435 ikigawanywa na 87, kumaanisha ni SGR. Reli ya zamani ya kupitia Konza ni ya mita moja, ambayo kwa HO huwekwa kwa reli ya milimita 12. So ukitaka treni ya babu yako, uliza upana kabla utume pesa.

Inatuhusu aje?

Reli ilifika Nairobi Mei 1899, ikiwa imepita Konza na kuacha Machakos mjini kando. Mwaka huo huo, makao ya utawala wa mkoa yakahamia Nairobi. Tulihepwa hivyo.

Na sasa hata mashine zenyewe zimeisha. Zile kubwa za mvuke, klasi 59, zilijengwa na Beyer Peacock, Manchester, 1955 na 1956. Zilikuwa 34, kila moja ikiitwa jina la mlima wa Afrika Mashariki, urefu zaidi ya mita 31, uzito zaidi ya tani 250. Zimebaki mbili tu: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, zote kwa makumbusho ya reli pale Nairobi. Zingine ziliishia kuwa chuma chakavu.

Anza na ulicho nacho

Hiyo klasi 59 hutaipata kwa shelfu ya supamaketi. Panda matatu uende makumbusho, piga picha kila upande, andika vipimo, kisha gawanya na 87. Treni yote inatoka kama sentimita 36. Tumia katoni, waya na gluu. Kama ulitengeneza magari ya waya ukiwa mtoi, mkono wako unajua kazi. Dereva wa mita 1.74 atakuwa sentimita 2 kamili. Akikushinda, Wamunyu si mbali. Huko wasee wanachonga tangu Mutisya Munge arudi na ujuzi wake baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Ukinunua midoli ya mitumba, angalia viungo na vipande vidogo kama bunduki na kofia, maana hivyo ndivyo hupotea kwanza. Ikija na boksi, tunza boksi. Weka kila kitu mbali na jua la dirishani, rangi isichujuke.

Ukiulizwa tena kama hiyo ni ya watoi, onyesha treni yako, kisha uliza kati ya zile 34 ni ngapi zimebaki.