Wa kwanza kuombwa ni mvuvi

Mwaka 1995 serikali ya Kenya ilitangaza hifadhi ya bahari ya Diani–Chale. Wavuvi wakaikataa, na mpaka leo hifadhi hiyo iko zaidi kwenye ramani kuliko baharini. Ni rahisi kusema kwamba watu wale hawakuelewa uhifadhi. Mimi naona walielewa vizuri sana, maana jirani yao alikuwa ameshayapitia.

Jirani huyo ni Kisite, kusini ya kisiwa cha Wasini. Hifadhi ile ilitangazwa mara ya kwanza mwaka 1973, mipaka yake ikarekebishwa 1978. Ndani ya kilomita za mraba 28 hairuhusiwi kuvua. Wageni huja kwa mashua kutoka Shimoni kutazama pomboo na matumbawe, na kiingilio hulipwa kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori. Samaki wamenusurika pale, na hilo ni jambo kubwa. Lakini aliyekuwa akivua maji yale kutoka kijiji cha Mkwiro, kisiwani Wasini, alibaki na maji yaliyosazwa, tena bila fungu katika kiingilio. Mvuvi wa Diani alipoletewa habari za mpaka, alijua mwisho wake.

Tangu hapo mipango haikukatika. Sheria ya mazingira ya 1999 iliitaka serikali iwe na mpango wa pwani nzima. Kanuni za 2007 zikawapa wavuvi vikundi vya kusimamia fuo zao, vile tunavyoviita BMU. Katikati hapo, mwaka 2001, juya, wavu wa kukokota, likapigwa marufuku. Marufuku ile ilikuwa na sababu ya haki. Juya likikokotwa kwenye maji mafupi, kamba ya chini hupita juu ya nyasi za bahari na kuzing'oa, na mfuko ukifunguliwa mchangani utakuta tasi na pono wadogo wasiozidi kiganja, ambao hawajapata kutaga hata mara moja. Nyasi hizo hizo ndizo chakula cha tasi na pono, nao ndio kitoweo cha kaunti hii ya Kwale. Kwa hiyo juya humchukua samaki wa leo pamoja na malisho ya wa kesho.

Hata hivyo juya bado linavutwa. Kijana asiye na ngalawa, malema wala mshipi hupata kazi kwenye kamba ya juya asubuhi hiyo hiyo, na jioni anarudi nyumbani na fungu lake. Marufuku ilimwambia aache. Haikumwambia ashike nini.

Na sasa tutazame upande wa juu wa ufuo. Katiba ya 2010, ibara ya 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Pita Diani bamvua likijaa uone kuta za mawe zilizojengwa mpaka mawimbi yanapofika, na njia za kushukia baharini zilizobanwa kati ya ukuta na ukuta. Ukuta hulinda bustani ya mwenyewe, wimbi likahamia kula mchanga wa jirani. Nalisema hili kwa uchungu: mipango ya pwani humfikia mvuvi kwanza kwa sababu hana wakili. Mwenye ukuta huachwa kwa ajili ya awamu ijayo.

Wanakijiji wa Gazi walianza kinyume. Mikoko ya ghuba ile ilikatwa sana kuwa kuni za viwandani miaka ya 1970, na watafiti wa taasisi ya bahari wakishirikiana na wanakijiji waliirudisha kidogo kidogo, mche mmoja mmoja ukichomekwa topeni maji yakipwa. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vikaanza kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, kwa mradi wa Mikoko Pamoja. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo duniani kwa mikoko kabla yao. Fedha zenyewe si nyingi, lakini wanakijiji hukaa na kuamua zifanye nini: maji ya bomba, vitabu vya shule. Anayekwenda kukata mkoko usiku anakata bomba la mama yake. Vanga, Jimbo na Kiwegu wameifuata njia hiyo.

Desemba 2022, mjini Montreal, mataifa yalikubaliana kulinda asilimia 30 ya bahari ifikapo 2030. Kwa hiyo mistari mipya itachorwa, na baadhi itapita Kwale. Kabla ya kuchorwa, serikali na kaunti zina deni: zipime bandari za wavuvi na kuzipa hati kwa jina la jumuiya, zifungue njia za Diani, zisimamishe kuta zilizoingia ardhi ya umma, na zigawe kiingilio cha Kisite kwa watu wa Wasini na Mkwiro kwa kiwango kilichoandikwa. Hapo habari ya Diani–Chale inaweza kuzungumzwa upya, wavuvi wakiwa ndio wa kwanza kuonyesha pa kufunga. Ujuzi huo wanao. Huko Msambweni, watafiti walipotaka kujua tasi hukusanyika wapi kutaga, waliwaendea wavuvi kwanza.