ELIMU KWA WANANCHI: YADI SI MITA

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanakumbushwa kuwa yadi na mita ni vipimo viwili mbalimbali. Kwa mapatano ya mwaka 1959 baina ya Uingereza, Marekani na nchi nyingine, inchi moja ni sentimita 2.54 kamili, hivyo futi ni sentimita 30.48, na yadi ni mita 0.9144.

Tofauti hiyo, ijapokuwa ndogo machoni, huzaa ugomvi katika ardhi. Chukua mfano wa anayenunua ekari moja Maretadu, wilayani Mbulu, kwa kipimo kilichozoeleka Bara cha "sabini kwa sabini". Zikiwa yadi, hupatikana mita za mraba 4,097, karibu sawa na ekari halisi, ambayo ni 4,047. Zikiwa mita, hupatikana 4,900: ziada ya 853, zaidi ya moja ya tano ya ekari. Muuzaji asiyejua huitoa ardhi hiyo bila ya malipo.

Kugeuza yadi kuwa mita, zidisha kwa 0.9144, kurudi kwenye yadi, gawa kwa idadi hiyo hiyo. Aidha, kabla ya kutia saini, jina la kipimo liandikwe waziwazi katika hati.